Nani Analipa Ada? Umama na hesabu zake katika riwaya ya Buchi Emecheta

Jioni moja ya mwishoni mwa Agosti 2022, karani wa sensa alitukuta kwa mama mdogo, Chang'ombe hapa Dodoma, tumekaa mkekani tunachambua mlenda wa kukausha. Kijana mpole, kishikwambi mkononi, vumbi hadi magotini. Akaamkia, akapewa kigoda, akauliza: mkuu wa kaya ni nani? Mama mdogo hakusita. Akamtaja mumewe, majina yote matatu.

Mumewe alikuwa machimboni Geita, mwaka wa pili ule. Tangu Pasaka hakuwa ametuma hata shilingi. Nyumba ilikula kwa mlenda, ubuyu na karanga ambazo mama mdogo huuza soko la Majengo. Sare za watoto, madaftari, mchango wa uji na wa mlinzi wa shule, vyote vilitoka kwenye kile kikopo cha maziwa anachofichia fedha nyuma ya debe la unga.

"Baba alilala hapa usiku wa kuamkia tarehe 23?" karani akauliza.

"Yuko kazini, mwanangu."

"Basi mama, namhitaji aliyelala hapa."

Mama mdogo akacheka, akakung'uta majani yaliyonasa kwenye kanga yake. "Haya, niandike mimi. Lakini mwenye nyumba ni yeye."

Nilitaka kusema neno, nikalimeza. Mtu hamkosoi mama yake mdogo mbele ya mgeni. Ila jibu lile sikulisikia kwake kwa mara ya kwanza. Nilishalisoma kitabuni, likitolewa na mwanamke wa Kiigbo aliyesimama kizimbani Lagos enzi za mkoloni Mwingereza, na watu mahakamani wakacheka.

Mwanamke huyo anaitwa Nnu Ego, na kitabu ni The Joys of Motherhood, yaani "Raha za Umama", riwaya ya Buchi Emecheta wa Nigeria iliyotoka mwaka 1979. Mumewe, Nnaife, ameshtakiwa kwa kumvamia kwa panga mchinja nyama wa Kiyoruba, mtu wa kabila jingine, kisa binti yao anataka kuolewa na mtoto wa mchinjaji huyo. Nnu Ego anaitwa kutoa ushahidi. Wakili anamuuliza nani anawalipia watoto ada ya shule. Anajibu: mume wangu. Wakili anamchimba kidogo, na inajulikana kwamba fedha za ada zinatokana na biashara yake mwenyewe ya kuuza vitu barabarani. Sasa inakuwaje mume ndiye alipaye? Nnu Ego anamweleza kama mtu anayemfahamisha mtoto: Nnaife ndiye kichwa cha nyumba, ananimiliki mimi kama Mungu wa mbinguni anavyotumiliki sote, kwa hiyo hata nikilipa mimi, aliyelipa ni yeye.

Watu wanacheka, na ushahidi ule unamwangamiza mume badala ya kumwokoa. Halafu kijijini wanamlaumu Nnu Ego kwamba ndiye aliyemfunga.

Wengi waisomao riwaya hii huiweka kwenye kapu la "vitabu vya haki za wanawake", wakamaliza. Wengine, kwa kuliamini jina lake, huichukua kama sifa kwa akina mama, ndugu ya zile stika za "Nani kama mama" zinazobandikwa nyuma ya bajaji. Mimi naiona kama kitabu cha hesabu. Kinauliza nani anatoa, nani anaandikiwa kwamba ametoa, na deni linalipwa lini. Ukiisoma hivyo, mafundo yake mengi yanafunguka.

Tuanze na fundo la jina. Mwaka 1966 Mnigeria mwingine, Flora Nwapa, alitoa riwaya iitwayo Efuru. Efuru ni mwanamke mzuri, mfanyabiashara hodari, mtu wa watu. Ndoa zake mbili zinavunjika, na mtoto wake wa pekee anafariki. Mwishowe anakuwa mtumishi wa Uhamiri, mungu wa kike wa ziwani ambaye huwapa wanawake utajiri na uzuri, ila watoto hawapi. Sentensi za mwisho za kitabu zinasema kwamba Uhamiri hakuwahi kuionja raha ya umama, kisha zinauliza: kwa nini basi wanawake walimwabudu?

Swali linaachwa hapohapo. Miaka 13 baadaye Emecheta analiokota, maneno yaleyale ya "raha ya umama" anayapandisha juu ya jalada lake, kisha anaandika kisa cha mwanamke aliyewapata hao watoto. Jina la kitabu, basi, ni kejeli, lakini kejeli ya mtu anayemjibu dada yake. Nwapa aliuliza mwanamke asiye na mtoto anaweza kuwa nani. Emecheta akamgeukia mwenye watoto saba na kumuuliza amebakiwa na nini.

Naye alikuwa na haki ya kuuliza. Alizaliwa Yaba, Lagos, mwaka 1944, akaolewa angali msichana, akamfuata mumewe London, na kufikia umri wa miaka 22 alikuwa mama wa watoto watano. Muswada wa kitabu chake cha kwanza ulichomwa moto na mumewe. Aliondoka na watoto wake, akalea, akasoma chuo kikuu, akaandika huku watoto wakimzunguka miguuni. Kwa hiyo anayedai kwamba Emecheta aliwachukia watoto hajui anamsema nani.

Kisa chenyewe kinafunguka mwaka 1934, alfajiri, Nnu Ego akikimbia mitaa ya Lagos kuelekea daraja la Carter ili ajitupe majini. Mtoto wake wa kwanza, Ngozi, mchanga wa wiki chache, amekutwa amekufa mkekani. Emecheta haelezi huzuni yake kwa maneno makubwa. Anatuonyesha maziwa yanayotiririka na kulowesha nguo ya mwanamke anayekimbia. Mwili haujapata habari ya msiba, bado unamnyonyesha mtoto aliyekwisha kufa. Mimi nikifika ukurasa ule huwa nafunga kitabu kwanza.

Darajani umati unajaa. Mwanzoni wanamwona mwendawazimu na kumkemea. Akatokea mtu wa kwao aliyemfahamu, ukweli ukajulikana kwamba amefiwa na mtoto pekee aliyekuwa naye, mara nyuso zikabadilika. Kumbe si kichaa, ni mama aliyepoteza ushahidi kwamba yeye si tasa! Hapo wote wanakubaliana kwamba mwanamke asiyemzalia mume wake ni mwanamke aliyeshindwa. Umati uliotaka kumzuia asife unamthibitishia kwamba sababu yake ya kufa ni nzito.

Tunalielewa vizuri hilo kwa sababu lugha yetu nayo inalibeba. Mwanamke akijifungua hapa kwetu anabadilishwa jina: leo ni Asha, kesho ni Mama Juma, na baada ya miaka kumi majirani wenyewe hawakumbuki aliitwa nani. Ni heshima, sikatai. Nimeona wanawake wakitabasamu hadi masikioni wakiitwa hivyo kwa mara ya kwanza. Lakini fikiria aliyeolewa miaka sita na bado anaitwa kwa jina lake la ubatizo. Kila anayemsalimu anamkumbusha. Kwenye kila harusi kuna shangazi atakayemvuta pembeni na kumuuliza kwa sauti ya chini, "Vipi mama, bado?" Neno "bado" halijawahi kuwa zito kama linavyokuwa pale.

Nnu Ego alishaulizwa hilo "bado" kabla hajafika Lagos. Mume wake wa kwanza, Amatokwu, alimvumilia kidogo, kisha akamhamishia kwenye kazi za shamba, kwa maelezo kwamba kama hazai basi angalau alime. Akaoa mwingine, aliyeshika mimba mara moja. Nnu Ego akawa anamchukua mtoto wa mke mwenzake kwa siri usiku na kumnyonyesha mpaka maziwa yakatoka. Alipofumaniwa alipigwa, na baba yake akaja kumrudisha nyumbani. Mwanamke huyohuyo, kwa mume mwingine, ndiye aliyekuja kuzaa mfululizo, pamoja na mapacha mara mbili.

Sasa lile fundo kubwa. Kwa nini umama uwe na thamani kiasi kile, hata mtu aone bora kufa? Jibu jepesi ni "mila". Jibu hilo halinitoshi, kwa kuwa mila hazidumu hewani, zinasimama juu ya kitu. Kijijini Ibuza, upande wa magharibi wa mto Niger, mtoto alikuwa mkono wa kulima, mlinzi wa nyumba na pensheni ya uzeeni. Mama aliyezaa wana wa kiume alijua kwamba akizeeka atakuwa na mlango wa kugonga. Mapatano yalikuwa magumu kwake, lakini yalikuwa na pande mbili: toa sasa, utapewa baadaye, na kila mtu kijijini ni shahidi.

Mtu wa Ugogo, huku kwetu Dodoma, hahitaji kuelezwa sana hapo. Nchi hii hupata takriban milimita 570 za mvua kwa mwaka, zote katika msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na kuna miaka hazifiki. Wazee walizungumza habari za Mtunya, njaa iliyoipiga Ugogo mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kuchukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua nazo zikagoma. Katika nchi ya namna hiyo akiba ni ng'ombe na watu. Ng'ombe anaweza kufa kwa ukame, mahari aliyoolewa nayo mama ikaisha zizini, wakabaki watoto. Hatukuwapenda watoto kwa sababu ya ujinga, kama wageni walivyopenda kuandika. Tulikuwa tunajua kuhesabu.

Kinachomtokea Nnu Ego ni kwamba masharti yanabadilika katikati ya safari na hakuna anayemwambia. Lagos hakuna shamba. Kuna kodi ya chumba, kuna mume anayefua nguo za Mzungu na mkewe, hata za ndani, jambo linalomfanya Nnu Ego amwonee haya. Wazungu wanaondoka, kazi ya mume inaisha. Baadaye anakata nyasi kwenye yadi ya reli, halafu vita ya pili inakuja na anachukuliwa jeshini bila kuulizwa. Mwanamke anabaki na watoto, sigara za rejareja, viberiti, mafuta ya taa na kuni.

Na watoto wa mjini hawaingizi mazao ghalani. Wanakula ada. Kila mwaka wa shule unampeleka mtoto wa kiume mbali zaidi na mlango ambao mama alitegemea kuugonga. Ndiyo hesabu inayomvunja Nnu Ego: analipa gharama za dunia mpya akitarajia malipo ya dunia ya zamani. Mtoto mkubwa, Oshia, anakwenda kusoma Marekani na barua hazifiki. Adim naye anakwenda Kanada. Mama anarudi Ibuza, na humwambia kila anayekutana naye kwamba mwanawe yuko "Emelika", na kwamba ana mwingine pia yuko hukohuko Emelika, maana Kanada kwake ilikuwa Emelika tu. Watu wanamsikiliza, wanatikisa kichwa. Fahari imekamilika, bamia ya jioni haipo.

Sisi tumepunguziwa mzigo huo kidogo. Ada ya sekondari ya serikali hadi kidato cha nne iliondolewa kuanzia 2016, na ya kidato cha tano na sita ikafuata mwaka wa masomo 2022/23. Mama mdogo anaishukuru sana hatua hiyo, halafu anakuonyesha daftari lake. Mbele ameandika wateja wanaodaiwa ubuyu. Nyuma ameandika shule: ream ya karatasi, mtihani wa majaribio, viatu, nauli ya kwenda bweni, godoro. Jina la mumewe halimo kwenye kurasa zote mbili, ila kwenye fomu za shule, penye "mzazi au mlezi", ndilo linaloandikwa.

Kuna mtu mwingine kwenye riwaya hii ambaye huwagawa wasomaji kila ninapoijadili nao. Ni Adaku, mke aliyerithiwa na Nnaife baada ya kaka yake kufariki. Ana mabinti tu. Siku moja Nnu Ego anamkosea adabu mgeni wa Adaku, wazee wa Ibuza walioko Lagos wanaitwa kuamua. Nnu Ego ndiye mwenye kosa, kila mtu analiona. Wazee wanamgeukia Adaku na kumkumbusha kwamba mwenzake amezaa wana wa kiume, yeye hajaongeza jina kwenye ukoo, kwa hiyo anyamaze. Adaku hanyamazi. Anafungasha, anatangaza kwamba atakwenda kuwa malaya, kisha anajenga biashara ya vitambaa, na fedha zake anazitia kwenye shule ya mabinti wake.

Kuna wanaompigia makofi. Mimi nampigia nusu. Emecheta mwenyewe hamfanyi malaika, na njia aliyopita haikuwa na maua. La kutazama zaidi hapo ni Nnu Ego, aliyesimama kimya akinufaika na hukumu asiyostahili. Anajua ameonewa mwenzake, na anajua pia kwamba hukumu ileile ndiyo inayompa yeye thamani. Akiikataa, amebaki na nini? Ndiyo maana haisaidii sana kusema "wanaume ndio wanaowakandamiza wanawake" na kuishia hapo. Anayekuuliza "vipi, bado?" mara nyingi ni mwanamke aliyeulizwa vilevile, akalia usiku, akaja kupata, na sasa amesimama upande wa ushindi.

Nnaife naye si jitu. Ni mtu wa kawaida aliyepewa kiti kikubwa kuliko makalio yake, na hakuna aliyemruhusu kushuka.

Nirudi kizimbani, maana swali la yule wakili lilikuja kuulizwa kwetu pia, na majaji hawakucheka. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inataka mahakama inapogawa mali za ndoa itazame mchango wa kila mmoja, uwe wa fedha, mali au kazi. Kwa muda mrefu mahakimu walibishana: kupika, kufua na kulea ni kazi kwa maana hiyo, au ni wajibu tu wa mke? Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango unaopaswa kuhesabiwa. Riwaya ilikuwa na miaka minne tu tangu itoke. Sidhani kama majaji waliisoma. Lakini weka mashauri hayo mawili kando kwa kando, la kitabuni na la kweli, uone: kwenye moja mwanamke anasema hata nikilipa mimi amelipa yeye, kwenye jingine mahakama inasema hata asipolipa senti, kulea kwake ni kulipa.

Waswahili tulishasema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Sheria ilichelewa tu kulifikia neno "kazi".

Umbali kati ya hukumu na kigoda cha mama mdogo, hata hivyo, ni mrefu. Hukumu inafanya kazi siku ndoa inapovunjika. Siku nyingine zote, mwanamke anayejua kabisa kilichomo kikoponi atakuambia mwenye nyumba ni mumewe, na hadanganyi. Analinda kitu: jina la watoto, kiti cha harusini, namna jirani anavyomwamkia. Nnu Ego alikuwa analinda vivyohivyo.

Namna anavyokufa inasimuliwa kwa mistari michache. Usiku mmoja, akili imechoka, analala kando ya njia akidhani amefika nyumbani. Anafia pale, kimyakimya, bila mtoto wa kumshika mkono wala rafiki wa kuzungumza naye. Marafiki hakuwa nao wengi, kwa sababu muda wake wote aliutumia kuzijenga hizo raha zake za umama.

Halafu watoto wanakuja! Kutoka kila walikokuwa. Oshia anamfanyia mama yake mazishi makubwa ambayo Ibuza haijawahi kuyaona, kwa fedha za kukopa, na inamchukua miaka mitatu kulipa deni aliloingia ili dunia ione alivyo mwana mwema. Nikisoma hapo huwa naona misiba yetu: basi la kukodi kutoka Dar es Salaam, maturubai, mpiga picha, fulana zenye sura ya marehemu, sufuria za pilau kwa mama ambaye mwaka mzima alikuwa akikopa sukari dukani. Nimekaa kwenye misiba ya namna hiyo. Nimekula hiyo pilau.

Wanamjengea pia madhabahu, ili wajukuu wasio na watoto waje kumwomba. Wanakuja, wanaomba, na Nnu Ego hajibu. Kijiji kinamwita mtu mbaya: hata baada ya kufa anawanyima wenzake. Hapo duara la Nwapa linafungwa. Uhamiri asiye na mtoto aliabudiwa bila kuwapa watoto. Nnu Ego aliyezaa anaombwa watoto, na yeye, anayejua bei yake, ananyamaza.

Nilimsimulia mama mdogo kisa hiki chote juzi, tukiwa mkekani palepale. Alisikiliza bila kuacha kazi. Nilidhani atauliza habari za Oshia, kwa kuwa ana kijana wake Mwanza asiyepiga simu. Hakuuliza. Kwenye ile habari ya kizimbani alicheka kidogo, akanitazama, tukaelewana. Alichouliza kilikuwa kingine.

"Huyo mama hakuwa na kikundi?"

"Kikundi gani, mama?"

"Wenzake. Wa kuwekeana hela, wa kuongea."

Nikamwambia hakuwa na muda. Akatikisa kichwa, akainuka, akatoa lile kopo nyuma ya debe la unga na kuhesabu noti za elfu mbili mbili. Ilikuwa Alhamisi, siku ya kikoba, na zamu ya kupokea ilikuwa yake.